Maswali yenu: pepa kurudishwa, jina la bosi na majarida ya kitapeli

Tangu niseme nitajibu mambo ya kuandika na kuhakiki pepa za utafiti wa tiba, maswali yamekuja mengi kuliko nilivyotegemea, na mengi yanafanana. Nimechagua haya. Majina nimeyatoa kwa sababu mtaona wenyewe baadhi ya mabosi wametajwa vibaya.

Shikamoo daktari. Mimi ni residenti wa magonjwa ya wanawake, niko Mwanza. Tasnifu yangu ililinganisha upungufu wa damu kwa akina mama waliojifungua kwa opareshini na waliojifungua kawaida, sampuli 384, chuoni ilipita vizuri tu. Nimeipunguza nikaipeleka jarida la nje, siku nne wamekataa bila hata kuwapa wahakiki (wataalamu wa nje wanaoisoma na kutoa maoni). Ni Kingereza changu?

Marahaba mdogo wangu. Sidhani kama ni Kingereza. Mhariri anayekataa ndani ya siku nne kasoma kichwa, ikisiri (ule muhtasari wa mwanzo), akateremka mpaka kwenye mbinu, basi, hakufika kwenye mjadala wako uliokukeshesha. Anachotafuta pale ni kama swali linawahusu wasomaji wake na kama mlichofanya kinaweza kulijibu. Pepa nyingi za kutoka kwenye tasnifu zinaangukia hapo, maana tasnifu inaandikwa kumridhisha mtahini, unamwonyesha umesoma kila kitu, tunaanza na hali ya dunia alafu Afrika kusini mwa Sahara alafu Tanzania alafu mkoa ndo tunafika wodini. Jarida linakupa kama maneno 3,000 kwa pepa nzima. Utangulizi uwe aya tatu tu, tatizo ni hili, kinachojulikana ni hiki, kisichojulikana ni hiki na ndicho tulichokifuata.

Sasa hiyo 384. Wenzangu wote wanacheka hapa. Kila tasnifu ya kwetu ina 384 kwa sababu ukiweka asilimia 50 na kosa la asilimia 5 kwenye ile fomyula tunayoiita ya Kish na Leslie, 384 ndo inayotoka, iwe unapima presha, malaria au minyoo. Kama unatafuta ukubwa wa tatizo kwenye jamii moja sawa kabisa. Ila wewe unalinganisha makundi mawili, hesabu yake ni nyingine, inataka ujue tofauti kiasi gani unategemea kuiona, na mhakiki wa takwimu anaigundua hata kabla chai yake haijapoa.

Alafu kuna ile sentensi ambayo nina uhakika umeiandika: "washiriki walichaguliwa kwa nasibu". Nani kachagua? Kutoka orodha gani? Kama ulikaa wodini ukachukua kila mama wa tatu, andika hivyohivyo, kila mama wa tatu kwenye rejesta ya wazazi, kati ya saa 2 asubuhi na saa 8 mchana, Jumatatu mpaka Ijumaa. Hiyo si nasibu, ni kuchagua kwa kuruka, na haina ubaya wowote, ubaya ni kuipa jina lisilo lake. Msomaji akishaona hizo saa anajua mwenyewe kwamba walioletwa usiku kwa dharura wengi hawamo, na labda hao ndo waliovuja damu zaidi. Ukimficha hilo atalikuta tu kwenye jedwali.

Kabla hujapeleka tena kwingine shusha orodha ya STROBE, ya mambo ambayo pepa inatakiwa kuyataja, ina vipengele 22, ni kwa tafiti za aina yako, ijaze kwa kuandika kila kipengele kiko ukurasa gani. Mwenye jaribio la dawa atumie CONSORT, mapitio ni PRISMA, ripoti ya mgonjwa mmoja CARE. Zote ziko bure kwenye tovuti ya EQUATOR. Majarida mengi wanaidai siku ya kupeleka, na ukiijaza vizuri utashangaa vipengele vingapi umeviruka.

Mkuu wa idara anataka jina lake liwe la kwanza na hajasoma hata ikisiri. Nikikataa najua kitakachonipata. Na nesi aliyekusanya data yote usiku wanasema atashukuriwa tu mwishoni.

Hili linauma. Kanuni zipo na hazijafichwa. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, wale waliokutana kwa mara ya kwanza Vancouver mwaka 1978, wanataka mwandishi atimize mambo manne yote kwa pamoja: awe amechangia kwa uzito kwenye wazo, mpango, data au uchambuzi, awe ameandika au kuihariri kwa kina, ameikubali nakala ya mwisho, na yuko tayari kuijibia kazi yote ikiulizwa. Yote manne. Kuwa mkuu wa idara, kutafuta hela au kusimamia kwa ujumla peke yake hakukupi uandishi, hao tunawashukuru mwishoni kwa heshima zote.

Ila watu wengi hawaisomi ile kanuni mpaka chini. Inasema pia kwamba aliyetimiza la kwanza apewe nafasi ya kushiriki kuandika na kuipitisha. Kwa hiyo huyo nesi, kama hakuwa anajaza fomu tu bali yeye ndo aligundua kwamba kipimo fulani hakifanyiki wikiendi mkabadilisha utaratibu, mpe rasimu aisome, atoe maoni, awe mwandishi. Huwezi kumnyima rasimu alafu ukasema hakushiriki kuandika.

Kuhusu bosi, usiende kumwambia "kanuni zinasema hustahili", utaumia bure. Mpelekee rasimu pamoja na fomu ya jarida inayotaka kila mtu ajaze alichofanya, mwambie "Prof, naomba unisaidie kujaza sehemu yako na maoni yako kwenye mjadala". Wengine wanasoma kweli na pepa inakuwa bora. Wengine wanaona ile fomu inatakiwa kusainiwa, wanajisogeza wenyewe. Na akikataa yote mawili, tafuta mtu wa tatu mwenye umri wake aongee naye, kwetu mambo haya yanamalizwa na wakubwa. Next time, mpangilio wa majina uandikwe siku ya protokali kabla data haijaanza kukusanywa.

Nimepata imeili ya jarida la kimataifa, wananiita "profesa mashuhuri", wanaahidi kuchapisha ndani ya siku saba kwa dola 150. Mimi ni klinikal ofisa. Ni la kweli?

Hapana kaka. Uhakiki wa kweli haumaliziki siku saba, na hakuna mhariri anayemtafuta profesa mashuhuri asiyemjua jina. Fungua ukurasa wao wa wahariri, chagua majina mawili, uwaandikie kwa anwani za vyuo vyao uwaulize kama wanajua wako pale, utapata majibu ya kuchekesha. Angalia kama jarida limo DOAJ, ile orodha ya majarida ya wazi (yanayosomwa bure mtandaoni), au kwa majarida ya Afrika angalia AJOL, tovuti inayoyakusanya. Ile orodha maarufu ya majarida ya kitapeli ya Jeffrey Beall, yule mkutubi wa Colorado, aliiondoa Januari 2017, kwa hiyo nakala zinazozunguka sasa zinaendeshwa na watu wengine, zisome kwa tahadhari.

Ada yenyewe si ushahidi wa utapeli, majarida ya wazi yenye heshima yanatoza hela nyingi kuliko hiyo. Lakini mengi yana msamaha kwa waandishi wa nchi za kipato cha chini, uombe siku ileile unayopeleka maana wengine hawasikilizi ombi pepa ikishakubaliwa. Na usidharau ya nyumbani: Tanzania Journal of Health Research wako chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, East African Medical Journal lipo tangu miaka ya 1920. Pepa yako kuhusu kituo cha afya cha wilaya itasomwa na watu wenye vituo kama hivyo.

p yangu ni 0.07. Naweza kuandika "ilikaribia kuwa signifikanti"?

Usiandike. Hiyo p inapima kama tofauti uliyoiona inaweza kuwa ya bahati tu, na mpaka uliozoeleka ni 0.05. Andika tofauti uliyoiona, masafa yake ya uhakika ya asilimia 95 (confidence interval), na p = 0.07, uache msomaji aone. Na wale mnaonakili "p = 0.000" kutoka programu ya takwimu ya SPSS, andikeni p < 0.001, programu imekata tarakimu tu, hakuna p ya sifuri.

Nina picha ya mgonjwa mwenye uvimbe wa ajabu, niliipiga kwa simu, ndugu walikubali kwa mdomo. Pia nina data za mafaili ya miaka mitano, kibali nitaomba sasa ili nichapishe.

Vitu viwili tofauti. Picha, rudi kwa mgonjwa mwenyewe na fomu ya ridhaa ya kuchapisha, kwa lugha anayoielewa, umweleze kwamba itakaa intaneti na haitafutika. Ndugu wanaingia kama yeye ni mtoto, amefariki au hawezi kuamua. Kuziba macho kwa mstari mweusi hakutoshi, mtaa mzima unamjua kwa huo uvimbe. Na itoe kwenye yale magrupu ya WhatsApp.

Mafaili: kama bado hujayagusa, omba kibali sasa. Kama umeshachambua, kamati za maadili hazitoi kibali cha kurudi nyuma, na hakuna barua itakayokuokoa. Waliofanya Tanzania bara wasome pia masharti ya cheti cha NIMR, kuna ruhusa ya kuchapisha ambayo watu wanaikumbuka pepa ikiwa tayari iko kwa wahakiki.

Wamenirudishia na "marekebisho makubwa", maoni ya kurasa nne, mhakiki wa pili ni mkali sana, nahisi hata hajaielewa. Nipeleke jarida lingine?

Dada, hongera! Nasema kweli. Marekebisho makubwa maana yake mhariri anaitaka ila hawezi kuichukua hivo ilivyo. Ifunge siku mbili, hasira ipungue, alafu fungua faili jipya, nakili kila oni lilivyo, chini yake andika jibu, chini ya jibu weka sentensi mpya na ukurasa wake. Usijibu "imerekebishwa". Mfano: "Mhakiki anauliza kwa nini wagonjwa wa sukari waliondolewa. Hatukuwaondoa, hawakuwepo kwenye kliniki hiyo kwa sababu wana siku yao Alhamisi. Tumeongeza maelezo haya, ukurasa wa 6, mstari wa 112." Jibu kama hilo linamaliza ugomvi.

Na huyo asiyeelewa, mara nyingi ndo wa thamani kuliko yule aliyesifia kwa mistari mitatu. Kama msomaji aliyelazimika kuisoma yote kashindwa kujua mlimpimaje mgonjwa, atakayeipitia juujuu atajuaje? Rekebisha sentensi hata kama unaona kosa ni lake. Unaweza kumkatalia, ndiyo, akitaka uchambuzi ambao data haibebi mwambie kwa adabu na sababu, mhariri ataamua. Lakini ukikataa maoni kumi kati ya kumi na mbili hapo tatizo si mhakiki. Ukikimbilia jarida lingine bila kubadilisha kitu, fani zetu ni ndogo, inaweza kumwangukia mtu yuleyule.

Nimeombwa kuhakiki pepa kwa mara ya kwanza. Naanzia wapi? Na naruhusiwa kuiweka kwenye ChatGPT inifupishie?

La pili kwanza: usiiweke. Pepa uliyopewa ni siri ya watu, na ICMJE tangu 2023 wanawakataza wahakiki kuipandisha kwenye programu ambazo usiri wake hauna uhakika. Kwa mwandishi kunyoosha Kingereza kwa akili mnemba inaruhusiwa kwenye majarida mengi, mradi aseme, ila haiwi mwandishi mwenza, haiwezi kuijibia kazi.

Sasa namna ya kusoma. Mimi naruka ikisiri, naanza mbinu na majedwali, kalkuleta pembeni. Jedwali la 1 linasema wagonjwa 61. Jedwali la 3 linasema 23 walipata maambukizi, asilimia 39.7. Piga: 23 kwa 61 ni 37.7. Hiyo 39.7 imetoka wapi? Gawa kwa 58, ndo hiyohiyo. Kwa hiyo kuna watu watatu wamepotea njiani na hakuna aliyewataja. Labda walihamishwa, labda walifariki, na kama walifariki hadithi yote inabadilika. Oni moja la namna hiyo lina faida kuliko kurasa mbili za kusahihisha koma. Usihangaike na Kingereza chao, na usiwalazimishe wanukuu pepa zako, wahariri wanaliona hilo.

Uliza pia data imetoka wapi. Mei 22, 2020 jarida la Lancet walichapisha pepa ya dawa ya hydroxychloroquine kwa wagonjwa wa korona zaidi ya 96,000 kutoka hospitali 671, mabara sita, waandishi wanne tu. Ilipita kwa wahakiki. Watafiti zaidi ya 100 wakaandika barua ya wazi, na moja ya vitu walivyoshangaa ni data za Afrika, rekodi za kielektroniki za kina kiasi kile kwa wagonjwa wengi hivyo. Sisi tunaotafuta mafaili kwenye makabati tungeuliza siku ya kwanza. Kampuni ya Surgisphere, iliyotoa hizo data, ilikataa kuwaonyesha wakaguzi huru data kamili, na Juni 4 waandishi watatu kati ya wanne wakaiondoa. Kwa hiyo ukihakiki usione aibu kuuliza swali la mtu anayeijua wodi.

Miezi mitano kimya tangu nipeleke. Naruhusiwa kupeleka kwingine wakati nasubiri?

Hapana, pepa moja jarida moja kwa wakati mmoja, wakigundua wanakataa wote wawili. Mwandikie mhariri mistari mitatu, weka namba ya pepa, uliza iko hatua gani. Mara nyingi wamekosa wahakiki tu, wapendekezee majina mawili ya watu wasiofanya kazi na wewe. Akikaa kimya tena wiki tatu, andika barua ya kuiondoa, isainiwe na waandishi wote, na usiipeleke kwingine mpaka wakuthibitishie kwa maandishi kwamba imetoka.