Pilipili mbuzi ya bibi imebadilika

SWALI: Asalaam alaykum. Mbegu yangu ya pilipili mbuzi nimeachiwa na bibi. Msimu uliopita nilitoa mbegu kwenye mti mmoja tu, nikazipanda. Sasa nina sura tatu: za duara zenye mikunjo kama za bibi, ndefu, na nyembamba zinazotazama juu. Jirani naye ana anayoiita mbuzi, ila ndogo ndogo. Kile kipimo cha DNA cha mtoto na baba, kwenye pilipili kipo?
Mama mkulima, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Kipo, na njia ni ile ile.

Za jirani usizihukumu kwa udogo. Mbegu za aina moja, ukipanda nyengine kwenye udongo mzito na nyengine kwenye mawe, matunda yatatofautiana. DNA ya jani, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani yake, haibadilishwi na samadi wala jua. Mara ya kwanza kuiona kwa macho yangu ilikuwa ya jani la pilipili: tulilisaga, tukatia dawa, kisha spiriti ya baridi, ukaelea uzi mweupe kama pamba iliyorowa. Sijausahau.

Maandishi hayo yana herufi nne tu, A, T, G na C, na kwenye uzi ule mna sehemu ambazo herufi zinajirudia, GA-GA-GA. Mti mmoja unazirudia mara 12, mwengine 15. Hizo ndizo alama. Mashine inanakili sehemu hiyo peke yake, nakala zikawa mbili, nne, nane. Mizunguko 30 inafikisha zaidi ya bilioni. Halafu zinapitishwa kwenye jeli kwa umeme, na vipande vifupi vinatangulia mbele.

Hapa ndipo penye jibu lako. Kila mti una nakala mbili za kila alama, moja ya mama, moja ya baba. Mbegu iliyotulia, isiyochanganyika, huonesha mstari mmoja kwenye jeli, kwa kuwa nakala zote zina urefu sawa. Chotara huonesha miwili. Ua la pilipili hujichavusha lenyewe mara nyingi, lakini nyuki hawana mpaka wa shamba. Kwa sura tatu kutoka mti mmoja, nashuku mti wenyewe ulikuwa chotara tayari; mchanganyiko ulitokea kizazi kimoja nyuma, na hizo zinazotazama juu zinanielekeza kwenye pilipili kichaa. Alama moja haitoshi kuthibitisha, hupimwa kadhaa.

Ukitaka kupima, mwone bwana shamba akuulizie kwa watafiti wa kilimo wa Kizimbani, Unguja. Chuma majani machanga, kila mti na bahasha yake, usichanganye. Tia ndani vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja na viatu vipya.

Lakini, mama, usisubiri majibu. Nenda leo kwenye mti unaozaa kama za bibi, vishe vitawi vyenye maua ambayo bado hayajafunguka mfuko wa kitambaa cha chandarua, ufunge, nyuki wasiingie. Tunda likishashika, vua mfuko, funga uzi mwekundu kwenye kikonyo. Mbegu za matunda yenye uzi tu ndizo za kuweka, na mwakani urudie hivyo hivyo kwa mti utakaofanana zaidi na wa bibi.

Na kama kuna ndugu aliyechukua mbegu kwa bibi zamani, mtafute. Huenda ya kwake bado haijaguswa.