Maswali na majibu: ‘terrene’, neno kongwe la Kiingereza

Nimekuta ‘terrene moon’ kwa Shakespeare. Walikosea kuchapa ‘terrain’, yaani hali ya ardhi ya mahali?

Hawakukosea. ‘Terrene’ ni neno la zamani lenye maana ya kitu cha duniani, kinyume cha cha mbinguni. Katika tamthilia ya Antony and Cleopatra, Antony, jemadari wa Kirumi, ameshindwa vita vya Actium na hasimu wake Octavius Caesar, kisha anamfuma mjumbe wa Caesar huyo akibusu mkono wa Cleopatra. Hapo analia kwamba mwezi wao wa duniani umepatwa. Mwezi huo ndio Cleopatra mwenyewe, malkia wa Misri aliyejifananisha na mungu wa kike Isis. Ukitafsiri “mwezi wa udongo” umeuua mstari. ‘Terrain’ ni nduguye aliyepitia Kifaransa.

Kilatini chake ni kipi?

‘Terra’ ni ardhi, na kivumishi chake ni ‘terrenus’. Wanaisimu huirudisha ‘terra’ kwenye mzizi wa kale sana wenye maana ya kukauka, uleule uliowapa Waingereza ‘thirst’, yaani kiu. Kwa hiyo ardhi ilitajwa kwa ukavu wake mbele ya maji. Waswahili hatuna haja ya kushangaa. Baharia wetu akishuka chomboni yuko nchi kavu. Uzao wa ‘terra’ ni mkubwa: Mediterania ni bahari iliyo katikati ya nchi, ‘terrier’ ni mbwa wa kuwafukuza wanyama mashimoni mwao, na hata ‘tureen’, lile bakuli kubwa la supu, asili yake ni chombo cha udongo.

Mbona mahali pengine ‘Terrene’ ni jina la bahari?

Ni hiyohiyo Mediterania, imefupishwa. Christopher Marlowe, mwandishi wa enzi za Shakespeare, aliitumia hivyo katika tamthilia yake Tamburlaine, iliyochapwa mwaka 1590. Ila usimfuate kwenye jiografia: anamwaga mto Danube humo badala ya Bahari Nyeusi, na Zanzibar anaiweka magharibi mwa Afrika! Kwa Zanzibar, ramani za enzi zake zilimponza.

Na ‘mundane’, si nalo lina maana ya ‘duniani’?

Hilo limetoka kwa ‘mundus’, ulimwengu. Leo aghalabu humaanisha jambo la kawaida, lisilosisimua.

Naweza kutumia ‘terrene’ kwenye insha ya shule?

Usithubutu. Kwa mambo ya dini na falsafa andika ‘earthly’. Kwa wanyama wa nchi kavu, ‘terrestrial’.