Vidonge viwili, poda moja: kwa nini kimoja hakiinui sumaku?

Swali: Katika maabara ya chuo hapa Nairobi nilipika vidonge viwili vya YBa2Cu3O7 kutoka poda moja. Hiyo ni kauri ya itriamu, bariamu, shaba na oksijeni, ambayo ikipozwa sana huwa superkondakta: hupitisha umeme bila ukinzani na huinua sumaku. Cha kwanza kilipoa ndani ya tanuri usiku kucha, na nikikitia kwenye nitrojeni kioevu sumaku huelea juu yake. Cha pili nilikitoa kikiwa nyuzi 900 za Selsiasi kwa sababu wenzangu walikuwa wakingoja tanuri. Nacho ni cheusi, lakini sumaku inalala tu. Je, nilikosea vipimo? Na mbona mwenzangu ametia gadolini badala ya itriamu na kidonge chake kinafanya kazi, ilhali gadolini ina usumaku wake?

Jibu: Kama poda ni moja, mizani haina lawama. Kilichopungua ni oksijeni. Ile 7 mwishoni mwa fomula ni matumaini tu. Ukweli ni namba yoyote kati ya 6 na 7, na inaamuliwa na jinsi ulivyopoza, si jinsi ulivyopima.

Angalia fuwele yenyewe. Itriamu imekaa katikati, na juu na chini yake kuna tabaka mbili za shaba na oksijeni. Humo ndimo mkondo hupita bila ukinzani. Nje ya tabaka hizo kuna bariamu, kisha minyororo ya shaba na oksijeni inayonyooka upande mmoja tu. Minyororo hiyo ndiyo ghala. Oksijeni yake haijashikwa sana: huingia na kutoka kwa joto. Ikiwemo, huvuta elektroni kutoka kwenye tabaka na kuacha matundu, yaani nafasi za elektroni zilizoondoka, yenye chaji chanya, na bila matundu hayo hakuna superkondakta. Oksijeni ikifika karibu 6.9, kidonge hugeuka superkondakta kwenye 92 K hivi (K ni kelvini, nyuzi zinazohesabiwa kuanzia sifuri kabisa); hilo ndilo joto lake la mpito. Ikiwa 6.6 hivi, ni karibu 60 K. Ikishuka hadi 6, ghala ni tupu na una kihami, kitu kisichopitisha umeme.

Hewani, kwenye nyuzi 900, kiasi ni karibu 6.3. Ulipokitoa ghafla, kilipoa kabla hakijavuta pumzi. Hata kama sehemu zake za nje zilipata 6.6, nitrojeni kioevu haifiki 60 K. Hapa kwetu, mita 1,700 hivi juu ya bahari, inachemka karibu 76 K badala ya 77. Kelvini moja ya bure, lakini haitakuokoa.

Usikitupe. Kirudishe tanurini, pasha hadi nyuzi 500 polepole, kisha kikae kati ya 450 na 500 kwa saa 12 hadi 24, oksijeni ikipita juu yake taratibu. Baadaye kiache kipoe na tanuri. Huna silinda ya oksijeni? Hewa ya kawaida hutosha ukiwa mvumilivu, mradi kidonge kiwe chembamba, milimita 2 au 3. Usishuke chini ya nyuzi 400 ukidhani unaongeza ubora: huko oksijeni hujisogeza kwa uvivu mno. Kidonge kilichoshindiliwa hadi kikakosa vinyweleo nacho husumbua, kwa kuwa oksijeni hupitia humo. Stima ikikatika ukiwa kwenye nyuzi 900, funga mlango na uache; tanuri nene hupoa polepole yenyewe, halafu rudia hatua hii.

Sasa gadolini. Iko mahali pa itriamu, kati ya tabaka mbili, na haigusani vya kutosha na elektroni za shaba ili usumaku wake uzivuruge. Chaji yake ni ileile ya +3 na ukubwa wa ioni unakaribiana, hivyo fuwele haibadiliki na joto la mpito hubaki zaidi ya 90 K. Lakini usijenge kanuni ya haraka hapo: praseodimiamu inaingia mahali palepale, ikakaa vizuri tu kwenye fuwele, na bado kwa kawaida huiua hali ya superkondakta. Ukitaka kuona uharibifu wa kweli, gusa shaba ya tabaka. Zinki kidogo badala ya shaba, asilimia chache tu, hushusha joto la mpito vibaya, ingawa zinki haina usumaku wowote.

Ndiyo maana chombo cha kupikia pia ni kemikali. Chombo cha alumina, yaani oksidi ya alumini, hutoa alumini inayoingia kwenye minyororo badala ya shaba. Kilaze kidonge juu ya poda ya mchanganyiko uleule, kisiguse chombo.

Kwa atakayeanza upya, gramu 10 za bidhaa zinataka gramu 1.695 za Y2O3 (oksidi ya itriamu), 5.924 za BaCO3 (kabonati ya bariamu) na 3.582 za CuO (oksidi ya shaba). Saga sana, pika nyuzi 930, saga tena, pika tena. Ukiona madoa ya kijani, hiyo ni Y2BaCuO5, kampaundi nyingine ya elementi zilezile: ama kusaga hakukutosha au umevuka nyuzi 1,000. Na BaCO3 ni sumu ya panya, kwa hiyo vaa glavu na barakoa, usipulize vumbi.

Ukipata nafasi ya kupiga eksirei, pima kipande cha msingi kinachojirudia kwenye fuwele: pande zake ni a, b na c, na c ndio mrefu. Anza na c. Nanomita 1.168 ina maana oksijeni imejaa, ikikaribia 1.18, haimo. Pande a na b zitofautiane, 0.382 na 0.389. Zikilingana, minyororo haijajipanga.

Mizani nayo inatosha. Pima kidonge kikavu kabla na baada ya kukirudisha tanurini. Cha gramu 3 kikitoka 6.3 hadi 6.9 huongezeka miligramu 44 hivi. Kikiongezeka 10 tu, ongeza saa. Kisipoongezeka kabisa, huenda oksijeni haikuwa tatizo, na hapo ndipo uanze kutafuta sababu nyingine.