Uliza Mwalimu wa Michezo: “Alikuwa hashikiki, sasa kilima kinamshinda”

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Uyole, Mbeya. Binti yangu wa kwanza ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Alipokuwa darasa la pili, kumwingiza ndani jioni ilikuwa vita: rede, kombolela, kuruka kamba, magoti yote makovu. Siku hizi akitoka shule anakaa tu. Simu hana, kwa hiyo hilo usiniambie. Pasaka tulikwenda kwa bibi yake kijijini. Kile kilima cha kutoka kisimani alipumzika mara tatu, bibi akampita na ndoo kichwani. Baba yake anasema ni uvivu. Ni uvivu kweli, au ndivyo wanavyokua?
Mama wa Uyole

Marahaba, mama. Bibi huyo mpe salamu zangu.

Nimefundisha michezo miaka 31, mwanzo upande wa Njombe, baadaye Mbeya mjini, na watoto wavivu hasa niliowaona hawafiki kumi. Wengi niliowaona ni watoto walionyang’anywa mwendo kidogo kidogo, na mnyang’anyi ni ratiba. Darasa la kwanza hawakaliki. Kengele ya mapumziko haijanyamaza, uwanja umeshatimka vumbi. Darasa la nne kuna upimaji wa taifa, tuisheni inaanza, jioni zinakwenda. Darasa la saba ni kambi: mtoto anaingia darasani alfajiri, kwenye baridi yetu hii ya Juni, anatoka giza limeshaingia. Kipindi cha michezo kimeandikwa ukutani, lakini mwalimu wa hesabu amekiazima na harudishi. (Mimi mwenyewe nilikiazimisha mara nyingi, nikaenda kunywa chai. Nakiri.) Sekondari ikiwa mbali, hata ile safari ya miguu inakufa, anapanda daladala. UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, ipo, lakini inachukua wachache wenye vipaji. Waliobaki wanapiga makofi.

Watu husema ni ujana. Huko Gateshead, Uingereza, watafiti waliwafuatilia watoto wale wale wakiwa na miaka 7, 9, 12 na 15, wamefungwa kiunoni kifaa kinachopima mwendo. Waligundua mwendo unaanza kushuka tangu miaka 7, wavulana na wasichana, kabla ujana haujabisha hodi. Na Shirika la Afya Duniani lilipokusanya takwimu za mwaka 2016 za wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 katika nchi nyingi, 81 kati ya kila 100 walikuwa hawafikishi mwendo wa kutosha. Wasichana walikuwa 85, wavulana 78. Mwonyeshe baba yake hizo namba.

Kwa wasichana kuna jambo ambalo nilichelewa kulielewa, nilidhani ni utovu wa nidhamu. Jua linawaka, mwenzao kafunga sweta kiunoni, anasema tumbo linauma, anaomba akae pembeni. Wiki ijayo tena, mwingine. Mwalimu mwenzangu wa kike ndiye aliyeniambia: “Hana pedi, na sketi yake ni nyepesi.” Kwa hiyo kabla ya kumwambia binti yako akimbie, muulize kama ana pedi za kutosha, na kama ana bukta ya kuvaa ndani ya sketi. Muulize wewe, si baba.

Halafu hilo la kupumzika mara tatu sitaki tuliache hivi hivi. Mpeleke zahanati wampime wingi wa damu. Msichana aliyeanza hedhi, anayeshinda kwa ugali na mchicha kiasi, anaweza kupungukiwa damu akahema kwenye kilima kidogo, na nyumbani mkamwita mvivu.

Damu ikiwa sawa, anzeni polepole. Kinachotakiwa kwa umri wake ni wastani wa dakika 60 kwa siku, mwendo wa kumfanya aheme kidogo, na si lazima ziwe za mfululizo. Kutembea kunahesabiwa. Kuchota maji na kulima kunahesabiwa. Ashuke daladala vituo viwili kabla ya nyumbani, pamoja na wenzake, kungali mchana. Siku tatu za wiki aongeze kitu cha kurukaruka, maana mifupa nayo inataka kushtuliwa, na hapo kamba haina mpinzani. Usimwagize aende kuruka peke yake uani kama adhabu. Miaka 15 wanaona aibu. Mwambie awafundishe wadogo zake zile rede zake za zamani, nawe shika ncha moja ya kamba.

Kamba yenyewe nunua ya katani, nene. Nyembamba inapeperuka na upepo wa Uyole, itawachapa miguu.