Nimekikubali kisukari mara nne

Dada wa Ngaramtoni, umeuliza: mwanao ana miaka 12, amegundulika na kisukari aina ya kwanza miezi mitatu iliyopita, wakati wa sindano anajifungia chooni, na unataka kujua atakikubali lini. Pia unauliza kama umpeleke bweni Januari. Waliotangulia wamekuambia ni suala la muda tu. Mimi ninacho tangu 1993, nikiwa darasa la sita hapa Moshi, na muda peke yake haukunisaidia. Nikihesabu vizuri nimekikubali mara nne, na katikati hapo nimewahi kukikana kabisa.

Kilianza na kiu. Usiku naamka mara tano, nachota maji kwenye ndoo gizani, nakojoa, nalala, naamka tena. Nakula sana na bado nakonda. Bibi akasema minyoo. Nilipotoka hospitali nilikuwa na chupa ya insulini, mabomba ya sindano, na mama aliyejifunza kuchoma kwa kufanyia mazoezi kwenye chungwa.

Friji hatukuwa nalo. Mama alichukua chungu kikubwa, akatumbukiza kidogo ndani yake, katikati akajaza mchanga, kisha asubuhi na jioni anaumwagia maji. Maji yakikauka yanaondoka na joto, chupa inabaki ya ubaridi hata Februari, na mnaojua joto la Moshi Februari mnanielewa. Mashine ya kupimia nayo ilikuwa ya wenye nazo. Sisi tulipima mkojo: matone manane ndani ya mililita 5 za dawa ya bluu ya Benedict, unachemsha, unasubiri. Ikibaki bluu, hakuna sukari kwenye mkojo. Ikiwa nayo inageuka kijani, njano, rangi ya chungwa, hadi nyekundu ya tofali. Mama aliandika rangi kwenye daftari kila siku. Mimi nilikuwa siangalii kichupa, namwangalia yeye. Akibana midomo najua ni tofali. Kasoro ya kipimo kile ni kwamba sukari ikishuka mno hakikuambii kitu, bluu ni bluu tu.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza. Nilikubali kwa sababu mama ameshaamua, basi.

Bweni ndiko nilikoanza kuficha. Wenzangu wakiwa bwenini sichomi, nasubiri watoke, wasipotoka naruka dozi. Kidato cha tatu mtu mmoja wa dawa za asili akaniambia ameponya wengi, niache sindano ninywe mizizi yake. Niliacha. Siku ya tatu nilikuwa natapika na kuhema kama nimekimbia kutoka Marangu. Nesi aliyenipokea hakungoja hata faili, alisogea karibu na mdomo wangu akasema, "Huyu pumzi inanuka matunda. Leteni dripu haraka." Mwili ukikosa insulini kabisa unaanza kuchoma mafuta, damu inajaa asidi, na ile harufu ndiyo yenyewe.

Nalisema hili kwa sababu najua utaletewa mizizi, kama hujaletewa tayari. Mwenye aina ya pili kongosho lake mara nyingi bado linatoa insulini kidogo, anaweza kunywa chochote akaonekana yupo yupo. Mwanao hana akiba ya kutegemea. Kwake kuacha sindano ni suala la siku, si miaka.

Pale kitandani nilikubali mara ya pili, kwa hofu. Hofu ilidumu kama mwaka mmoja hivi, ikaisha, nikarudi kuficha.

Ya tatu ilinikuta kwenye Hiace, natoka kazini Arusha narudi Moshi Ijumaa jioni. Nilichoma mchana, kikao kikarefuka, sikula. Tulipopita Usa River jasho likaanza kunitoka, mikono inatetemeka, konda ananidai nauli namjibu maneno yasiyoeleweka. Akawaambia abiria, "Huyu dada mbege imemzidi." Gari zima likacheka. Mama mmoja aliyekaa nyuma na kapu lake akasema, "Acheni ujinga, marehemu mume wangu alikuwa hivihivi," akanifungulia soda, akanishika kidevu kama mtoto mpaka nikameza. Baada ya muda kidogo nilijua jina langu tena. Nililia hadi Boma Ng'ombe, na kilichonitoa machozi ni kwamba kwenye gari lile walikuwemo wafanyakazi wenzangu wawili na hakuna aliyejua. Jumatatu niliwaambia ofisi nzima. Kile ndicho kilichonibadilisha kuliko ushauri wowote wa kliniki.

(Mfundishe yeye na rafiki zake: sukari ikiwa chini ya 4 mmol/L kwenye mashine, vijiko vitatu vya chai vya sukari au nusu ya soda ya chupa ya mililita 300, isiwe ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena. Akiwa hajitambui asipewe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.)

Ya nne ni mama mkwe. Nilipojifungua alishuka kutoka Kibosho na ndizi, nyama, maziwa, na nia ya kuninenepesha. Mnajua uzazi wa Kichaga ulivyo. Asubuhi mtori, mchana mtori, mlaso, uji wa ulezi, na mzazi hana ruhusa ya kusema ameshiba. Mimi kumbe baada ya kujifungua mahitaji ya insulini yanashuka ghafla, dozi za mwisho wa mimba hazifai tena, kwa hiyo siku za mwanzo sukari ilikuwa inapanda na kushuka kama boda ya mlimani. Nikaanza kupima chakula. Akaniona. "Mwanamke aliyejifungua anapimiwa chakula na nani?" Siku mbili hatukusemeshana vizuri.

Siku ya tatu nikamwita, nikamwambia, "Mama, njoo uone." Nikapima. Nikala upawa mmoja wa mtori, baada ya saa mbili nikapima tena mbele yake. Kesho yake upawa mbili. Hajasoma sana, lakini ameuza ndizi sokoni maisha yake yote, na tarakimu anazijua. Ndani ya wiki yeye ndiye aliyekuwa anauliza, "Upawa mmoja na nusu, leo unachoma ngapi?" Mpaka leo Krismasi tukipanda nyumbani, kata ya mbege ikizunguka, yeye ndiye anayeniruka kabla sijafungua mdomo. Pale nilikubali nikiwa na mtu wa kukibeba naye.

Kuna ya tano ambayo bado inanisumbua. Miaka kadhaa iliyopita walikuta mishipa inavuja nyuma ya jicho la kushoto, nikapigwa leza. Naona, ila si kama zamani. Kuna siku naamka nimekasirika kama ndiyo kwanza nina miaka 12, na sioni aibu kukuambia. Macho yakaguliwe kila mwaka kliniki itakapokuambia umri wa kuanza umefika, hata kama anaona vizuri.

Sasa mwanao. Usivunje mlango wa choo. Mwombe akufundishe wewe kuchoma, jichome maji ya chumvi safi ya hospitali kama nesi atakubali, aone uso wako. Muulize pia nesi kuhusu mpango wa insulini kwa watoto kabla hujaanza kununua mwenyewe.

Kuhusu bweni, simo kwenye kundi la wanaosema asiende. Ila kabla ya kulipa ada nenda pale shuleni jioni, si asubuhi wanapokuwa wamejipanga. Uliza friji liko wapi. Uliza umeme ukikatika wanafanyaje. Uliza saa nane usiku ufunguo wa chumba chenye friji hilo anao nani, na analala wapi. Ukipata majibu, niandikie.