Roboti yangu ya miguu sita inajikwaa kwenye mawe: ninunue kamera gani?

SWALI: Injinia, mimi ni mwanafunzi hapa Goma. Nimeunda roboti ya miguu sita yenye sevo 12 (moteri ndogo zinazogeuka hadi pembe unayoziamuru), nikimwiga mende. Juu ya saruji inatembea vizuri. Uani kwetu, kwenye mawe ya volkano, inajikwaa, inazimika na kujiwasha upya, na sevo moja imeshaungua. Nataka niifungie kamera iyaone mawe. Ninunue ipi?

JIBU: Mdogo wangu, pesa ya kamera itunze kwanza. Mende akikimbia hachagui pa kukanyaga. Miguu yake ni springi: ikigonga jiwe inapinda na kurudi, na mwili unakaa sawa kabla neva hazijapeleka habari popote. RHex, roboti ya miguu sita iliyotangazwa mwaka 2001, ilifuata njia hiyo. Ina moteri moja tu kwa kila mguu, na mguu wenyewe ni upinde unaopinda na kurudi. Ilivuka vizuizi virefu kuliko nafasi iliyo chini ya tumbo lake, na haikuviona.

Miguu yako nadhani ni migumu. Ikigota kwenye jiwe, sevo inazidi kusukuma, inavuta umeme mwingi, volti ya batri inaanguka na kompyuta ndogo inazimika. Kwa hiyo usiisumbue programu bure. Sevo zipe batri yake, kompyuta yake; kati ya batri hizo mbili, waya hasi tu ndizo ziungane.

Kisha kata bomba jembamba la PVC, vipande vya upana wa sm 2 hivi vyenye umbo la nusu duara, viwe ndiyo sehemu ya chini ya mguu. Sehemu inayokanyaga chini ivishe mpira wa ndani wa baiskeli. (Waunda chukudu wetu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, hawakungoja chuo kikuu kuvalisha raba magurudumu ya mti.) Bonyeza mgongo wa roboti kwa kidole: isipodidimia hata kidogo, punguza upana wa vipande; tumbo likigusa chini, umepunguza mno.

Ukimaliza, weka kitufe kidogo kwenye kila unyayo. Mguu ushuke mpaka kitufe kibonyee, ndipo usimame. Ukikosa ardhi, uendelee kushuka. Wadudu nao hupapasa hivyo.

Kuna roboti zinazojifunza zenyewe. Mwaka 2015 watafiti waliionyesha moja ya miguu sita, iliyovunjwa mguu ikapata mwendo mpya kwa chini ya dakika 2. Lakini iliandaliwa kwanza kwa miendo karibu 13,000 ndani ya kompyuta. Hiyo subiri.

Hukusema ni sevo ya mguu upi iliyoungua. Nakisia ni ya kuinua mguu wa kati. Roboti ikitembea kwa miguu mitatu mitatu, upande mmoja una miguu miwili chini, mwingine una ule wa kati peke yake, nao hubeba karibu nusu ya uzito wote. Sevo zenye nguvu zaidi ziweke hapo.