Maswali ya Wasomaji: Jiji Lililochorwa kwa Rangi Nzito

SWALI: Ndugu Mhariri, nilitazama maonyesho ya mchoraji anayechora majiji kwa rangi nzito iliyopakwa kwa kisu. Nikisogea karibu sioni ila mabonge na mikwaruzo. Nikirudi nyuma hatua chache, ndipo barabara, madirisha na watu wanapojitokeza. Karatasi iliyobandikwa ukutani ilieleza kwamba kazi hizo ni tafakuri juu ya maisha ya kila siku mjini. Je, unene huo una maana yoyote, au ni njia ya kuficha kutojua kuchora?

JIBU: Ndugu msomaji, shaka yako ina msingi. Ipo michoro mingi ya aina hiyo ambayo unene wake ni pambo tu: kisu kimepita kwa namna ileile juu ya anga, ukuta, lami na miavuli, na lau ungesawazishwa wote, usingepoteza chochote isipokuwa mng'ao. Lakini wapo wachoraji ambao kwao unene ndio uchoraji wenyewe, na ni vyema kuanza na hao kabla ya kuwahukumu wengine.

Mfano ulio wazi zaidi ni Frank Auerbach, aliyezaliwa Berlin mwaka 1931, akapelekwa Uingereza mwaka 1939 akiwa mtoto, na akafariki mwaka 2024. Katika miaka ya 1950 London ilikuwa bado na mashimo yaliyoachwa na mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, na katika mashimo hayo ilikuwa ikichimbwa misingi ya majengo mapya. Auerbach alikwenda kwenye viwanja vya ujenzi, akachora kwa haraka alichokiona, kisha akarudi studio na kukirudia kwa rangi za mafuta, tabaka juu ya tabaka, hadi mchoro ukawa mzito kama kiwanja chenyewe. Ukitazama kazi yake ya kiwanja cha ujenzi cha Oxford Street, ya mwaka 1959 hadi 1960, huoni tope lililoigwa. Unaona rangi ya udongo iliyorundikwa, ikachimbwa na kurundikwa tena, yaani kazi ileile waliyokuwa wakiifanya vibarua pale chini.

Baadaye alibadili utaratibu: aliikwangua kazi ya siku ikiwa haikumridhisha, akaanza upya siku iliyofuata, na hakuona taabu kufanya hivyo kwa miezi. Mitaa aliyoichora ilikuwa michache, mingi ikiwa karibu na studio yake ya Camden, ambayo aliishika tangu mwaka 1954. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo maisha ya kila siku yanapoingia kwa haki. Mtu anayepita kona moja kila asubuhi haioni mara moja. Huiona mara elfu, kila mara ikiwa na mwanga mwingine na haraka nyingine, na rangi iliyokwanguliwa na kupakwa tena huweka kumbukumbu ya kutazama huko kuliko mstari mmoja safi unavyoweza.

Maurice Utrillo alifika mahali kama hapo kwa njia nyingine. Katika kile kinachoitwa kipindi chake cheupe, takriban mwaka 1909 hadi 1914, alichanganya plasta na rangi nyeupe alipochora kuta za Montmartre, Paris, hivi kwamba ukuta uliochorwa ulikuwa na sehemu ya ukuta halisi ndani yake.

Basi ukirudi kwenye maonyesho yale, simama ubavuni mwa mchoro badala ya mbele yake, uchunguze kama unene unabadilika kulingana na kitu kinachochorwa: je, ukuta mkongwe umepakwa tofauti na dirisha la kioo, na barabara yenye mvua tofauti na anga? Kama jibu ni ndiyo, mchoraji ameamua. Kama kila kitu kina uvimbe uleule, huenda shaka yako ilikuwa sahihi, hata kama karatasi ya ukutani inasema vingine.

SWALI: Ndugu Mhariri, picha nilizopiga kwa simu katika maonyesho kama hayo zimetoka bapa kabisa. Kosa ni la simu?

JIBU: Kosa ni la mwanga zaidi kuliko simu. Mabonge ya rangi huonekana kwa vivuli vyake, na taa inayomulika kutoka mbele huvifuta vivuli hivyo. Zima mwako wa simu, kisha tafuta upande ambao mwanga unaupitia mchoro kwa mshazari.

SWALI: Mhariri, inawezekanaje mchoro uitwe wa maisha ya watu wakati watu wenyewe ni madoa yasiyo na nyuso?

JIBU: Lawama hiyo ina umri wa karne na nusu. Claude Monet alipoonyesha mchoro wake wa Boulevard des Capucines mjini Paris mwaka 1874, mwandishi Louis Leroy aliwakejeli katika gazeti wapita njia wale waliochorwa kwa mipako midogo myeusi, akidai kwamba yeye hafanani hivyo anapotembea. Ukweli ni kwamba kutoka ghorofani ndivyo tunavyofanana sote. Camille Pissarro alilijua hilo mwaka 1897, alipochora Boulevard Montmartre mara 14 kutoka dirisha la hoteli, asubuhi, jioni, kwenye mvua na usiku. Asichokiandika usoni mwa mtu alikiandika katika mwendo wa umati.

Hata hivyo si kila doa ni mtu. L. S. Lowry, aliyekuwa akizunguka Manchester kukusanya kodi za nyumba hadi alipostaafu mwaka 1952, alichora watu wembamba kama njiti juu ya weupe mzito, kwa rangi tano tu, lakini kila mmoja ana mgongo wake: huyu ameinama, yule anakimbilia kazini, mwingine amesimama bila sababu. Doa lisilo na mkao wa mwili ni doa tu.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uchoraji. Rangi ya mafuta niliyoipaka nene imekunjamana juu, na ndani bado ni laini. Nifanye nini?

JIBU: Rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani, kwa hiyo uso hushika kwanza na kufunika sehemu ya ndani, ambayo yaweza kukawia miezi au zaidi. Punguza mafuta unayoongeza, jenga unene kwa tabaka kadhaa badala ya moja, na uhakikishe tabaka za juu zina mafuta mengi kuliko za chini, la sivyo zitapasuka. Ubao hustahimili uzito kuliko kitambaa kinacholegea. Usipoweza kusubiri, tumia akriliki, yaani rangi inayochanganywa na maji, na jeli yake ya kuongeza unene, ambazo hukauka maji yanapotoka. Lakini usipake akriliki juu ya mafuta, kwa kuwa haitashika. Huo mchoro uliokunjamana ukwangue ungali laini, uanze tena juu ya ubao uleule.